Watu wa Ghala la Pamba

Jumatatu, 10 Agosti 1964

Nimechota maji, nimefua nguo za baba, nimepika uji. Baada ya hapo, kazi ya Mwalimu Obura. Likizo gani hii.

Mwalimu Obura anatufundisha somo la uraia shuleni, upande wa Homa Bay. Kwao ni hapa Sori, na kwetu ni hapa Sori, kwa hiyo siponi hata shule ikifungwa. Ametupa kazi: kila mmoja achague tatizo moja la watu wa kwao, aende aone kwa macho, aulize, aandike, halafu aseme lifanyiwe nini. Anasema nchi sasa ni yetu, na mtu hawezi kuwa raia wa mahali asipopajua. Insha itakayoshinda itasomwa barazani mbele ya Bwana DO, mkuu wa tarafa.

Wenzangu karibu wote wanaandika kuhusu barabara. Mimi nimechagua watu wa ghala la pamba. Ziwa lilipopanda likameza nyumba za ufukweni, walikimbilia ghala kuukuu lililo juu kule Karungu, na mpaka leo wako humo. Watu wanawapita tu wakienda sokoni. Hata mimi nimewapita.

Nataka insha yangu ndiyo isomwe. Nasema hivyo hapa kwa sababu hapa sidanganyi.

Baba amekubali nitumie baiskeli yake. Yeye ni fundi cherehani, kutwa amekaa sokoni, haihitaji. Mama amecheka sana. Binti juu ya baiskeli, wazee watameza tumbaku. Mama ni Mkuria wa upande wa Migori. Alipoolewa hapa hakujua neno la Kiluo, ndiyo maana kwetu tumezoea Kiswahili, na ndiyo maana nakiandika.

Jumatano, 12 Agosti

Nimeingia ghalani leo.

Giza. Joto la bati. Wamegawanya vyumba kwa magunia na mikeka, kila familia na kipande chake. Moshi hauna pa kutokea. Harufu ya dagaa wa omena, ya mkojo wa watoto, ya pamba ya zamani iliyooza kwenye nyufa za sakafu.

Wanawake waliniangalia kama mkusanya kodi. Nilisimama na kalamu yangu nikajiona mjinga. Ndipo mmoja akanivutia kigoda. Wanamwita Nyar Kadem, yaani binti wa Kadem, ndiko alikozaliwa. Mume wake anachuma chai Kericho. Alinipeleka mlangoni akanionyesha ziwa. Kuna mti mkavu umesimama katikati ya maji, mbali kabisa na ufuko wa sasa. Jiko lake lilikuwa chini ya mti ule.

Hakulia. Alinionyesha tu, kama mtu anayekuonyesha njia.

Alinipa viazi vitamu, nikala vyote. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka kwamba watoto walikuwa wamekaa pale wakinitazama nikila.

Mtoto wake mdogo anaitwa Odhis. Anatembea, anaanguka, anainuka, anacheka mwenyewe. Hakuiacha baiskeli. Aligonga kengele mpaka mama yake akamwondoa kwa nguvu.

Alhamisi, 13 Agosti

Habari ya maji. Wanachota penye kidimbwi kilichojikusanya ziwa lilipojaa. Mbuzi wanakunywa hapohapo. Choo kiko juu yake kwenye mteremko, mvua ikinyesha kila kitu kinashuka. Nilipouliza kwa nini hawaendi mbele zaidi, kwenye maji safi, mwanamke mmoja alinijibu, "Mbele kuna viboko, dada. Tuchague kifo kipi?"

Nimeliandika neno kwa neno. Ni sentensi nzuri sana. Nilifurahi kuipata, kama mtu aliyeokota shanga.

Watoto wengi wanaumwa matumbo. Odhis pia, tangu jana usiku.

Kesho alasiri Mwalimu Obura anataka kuona insha imefika wapi.

Ijumaa, 14 Agosti

Nilipita ghalani mchana kuuliza machache yaliyobaki. Odhis anahara na kutapika. Amelala kwenye mkeka, hakuitazama baiskeli. Macho yameingia ndani. Niliandika hayo.

Nyar Kadem aliniuliza kama ninaweza kuwapeleka zahanati ya misheni. Mimi niongoze baiskeli, yeye akae nyuma amshike mtoto. Nilimwambia Sabato inakaribia, kwetu jua likitua hatufanyi kazi, nitakuja kesho baada ya ibada. Alisema sawa, mwanangu, hapana neno.

Nikaenda kwa Mwalimu Obura. Amependa sana. Amesema nina macho.

Nimeoga. Baba anaimba. Mama amefunika chungu.

Sabato, 15 Agosti

Odhis amekufa.

Mhubiri alisema leo kwamba tendo la huruma halivunji Sabato. Sijui kwa nini alichagua neno hilo leo. Nilikaa kwenye benchi nikahisi shingo inawaka. Hata hivyo sikuondoka. Ibada ilipokwisha nilikuja nyumbani, nikala, kisha ndipo nikachukua baiskeli.

Nilisikia kilio kabla sijafika juu. Nilijua. Nilishuka nikasimama na baiskeli barabarani. Wanawake walikuwa wanatoka mlangoni mikono kichwani. Sikuingia. Niligeuza nikarudi nyumbani.

Sikumwambia mtu.

Jumapili, 16 Agosti

Niandike ukweli walau mahali pamoja.

Jua lilikuwa bado juu. Ijumaa ile nilipomtajia Sabato, jua lilikuwa juu kabisa. Tungefika misheni, tukamwacha mtoto na mama yake kwa daktari, nami nikarudi kabla halijatua. Na hata kama lingetua, baba asingesema kitu.

Haikuwa Sabato. Nilikuwa nimevaa sketi ya shule, nimeipiga pasi kwa ajili ya kwenda kwa Mwalimu. Mtoto alikuwa anahara. Niliwaza sketi, niliwaza na kiti cha baiskeli ya baba, na Mwalimu aliyekuwa ananingoja. Nikamtanguliza Mungu kama pazia.

Nyar Kadem aliniita mwanangu.

Jumanne, 18 Agosti

Wamemzika kwenye shamba la shemeji yake Nyar Kadem, kule juu, kwa sababu boma la baba yake liko chini ya maji. Mume hajafika. Wamempelekea habari Kericho kwa mtu wa basi.

Mama alibeba unga, mimi nikabeba kuni. Nyar Kadem alitushika mikono kama alivyowashika wote. Alinishika mkono. Nilingoja aseme. Mbele ya watu wote wale angeweza kusema. Hakusema. Alimwuliza mama kama viazi vyetu vimekubali mwaka huu.

Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimemaliza insha. Nimeisoma mara nyingi na ni nzuri. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba ni nzuri.

Kuna mahali nimeandika hivi: "Watu hawa hawana chombo cha kuwafikisha penye dawa. Mwezi huu mtoto mmoja amepoteza maisha kwa sababu hiyo."

Niliandika bila kusimama. Kalamu ilikwenda yenyewe, kama vile mtu mwingine alikuwa ameishika. Baadaye nilikaa nikaitazama sentensi ile mpaka wino ukakauka. Sikuifuta.

Mwalimu Obura ameipigia mstari. Amesema roho ya insha iko hapo.

Jumatatu, 24 Agosti

Silali vizuri.

Sijagusa baiskeli tena. Baba ameniuliza kama nilianguka nayo. Nimemwambia ndiyo. Akaikagua kote, akaniambia haina kitu, akauliza nimeumia wapi. Nikamwonyesha goti. Akalipaka dawa. Goti lenyewe ni zima kabisa.

Alhamisi, 27 Agosti

Baraza.

Bwana DO alikuja na gari kutoka Homa Bay. Chifu alivaa kofia mpya. Watu wa ghalani waliketi nyuma, upande wa kulia, kwa pamoja, kama walivyozoea kubanana. Nilimtafuta Nyar Kadem kwa macho nikitumaini hayupo. Alikuwepo. Amenyoa nywele.

Mwalimu Obura alinitambulisha. Akinyi wa fundi cherehani, kidato cha pili. Nilisoma kwa Kiswahili, yeye akawa anatafsiri kwa Kiluo, sentensi moja moja. Kwa hiyo kila neno langu lilisikika mara mbili. Viboko waliwachekesha watu, kicheko cha uchungu. Choo na kidimbwi, Bwana DO akaandika. Kisha nikafika penye sentensi ile.

Nilidhani nitairuka. Nilikuwa nimeamua usiku kucha kwamba nitairuka. Lakini Mwalimu alikuwa kando yangu anaijua kwa moyo, na watu walikuwa kimya, na mimi nikaisoma. Mwalimu akaitafsiri kwa sauti ya kanisani. Wazee waliguna. Mwanamke fulani akaanza kulia.

Nyar Kadem hakulia. Aliniangalia. Macho yake hayakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina ambalo si lake, anajiuliza kama aitike.

Bwana DO alisimama akasema aibu hii isiendelee. Akamwagiza chifu awagawie watu hawa ardhi ya juu, ile iliyo wazi nyuma ya ghala, wajenge. Akaahidi gari la dawa litafika hapo kila mwezi. Watu walipiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Chifu akanishika bega.

Walipokuwa wanatawanyika nilijikuta ana kwa ana na Nyar Kadem. Nilifungua mdomo. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Umetusemea vizuri," alisema.

Kisha akaenda zake.

Ijumaa, 28 Agosti

Sokoni wananipa vitu. Ndizi. Mandazi. Mzee mmoja aliyekuwa ananicheka juu ya baiskeli amenivulia kofia. Kila zawadi naipeleka nyumbani naiweka mezani, siili. Wadogo zangu ndio wanaofaidi.

Nimemwambia mama. Alikuwa anachambua mtama. Nilimwambia yote, sketi na yote. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha mikono ikasimama.

"Alikuomba, ukakataa?"

"Nilisema kesho."

Halafu akasema nimekosea kumwambia yeye. "Mimi sijafiwa na mtoto. Kwa nini unaniletea mimi?"

Akaendelea na mtama wake. Baadaye nilimwona nyuma ya nyumba amejifunika uso kwa kanga.

Jumatatu, 31 Agosti

Nimekwenda kwa Mwalimu Obura. Nilitaka tuiondoe sentensi ile kabla insha haijapelekwa popote. Amenisikiliza mpaka mwisho, hakunikata. Nampa heshima hiyo.

Kisha akauliza, "Siku ambayo wewe hujaenda kule, wana baiskeli?"

Hapana, nikasema.

"Mtoto wa jirani yake akiugua leo, kuna chombo?"

Hapana.

"Basi sentensi ni ya kweli. Ni kweli kwa wote isipokuwa mmoja."

Nikamwambia huyo mmoja ndiye aliyekufa. Akasema nikisimama leo nikatangaza kwamba baiskeli ilikuwepo, kesho Bwana DO atasema kumbe shida ni uvivu wa watu, si umbali, na gari la dawa halitakuja. "Unataka kuwanyima dawa watu wote wale ili moyo wako upate kupumua?"

Nimelitafuta jibu njia nzima ya kurudi.

Pengine ana haki. Hilo halinipunguzii kitu. Ni kama kuambiwa kidonda chako kina manufaa kwa nzi.

Alhamisi, 3 Septemba

Wamepimiwa viwanja. Kweli wamepimiwa. Nimewaona wanaume wakikata nguzo, wanawake wakivuta nyasi. Gari la dawa lilikuja jana, watoto wamepewa dawa ya tumbo, na mganga amewaonyesha mahali pa kuhamishia choo. Watoto wanakimbia huku na huku kati ya nguzo. Haya yametokea kwa sababu ya karatasi zangu. Nalijua hilo. Nilijaribu kufurahi. Nilifurahi kwa muda wa kupumua mara moja, kisha nikahesabu watoto wale bila kutaka, nikiwa natafuta mmoja.

Mwalimu Obura amepata habari kwamba insha imechaguliwa kwenda kusomwa Kisumu, mbele ya shule za mkoa mzima. Nimemwambia siendi. Amekasirika, ameniita mtoto. Nimesema insha iende, mimi siendi. Atasoma msichana mwingine wa darasa letu, mwenye sauti nzuri. Ataisoma vizuri kuliko mimi kwa sababu haijui.

Jumapili, 6 Septemba

Baba amejua. Sijui kama ni mama aliyemwambia au ni goti langu.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na aliendelea kuutia mpaka ukapita. Akasema tu, "Ungenijia sokoni, Akinyi. Ningefunga kazi nikampeleka mwenyewe."

Sokoni kwake ni karibu sana na kwa Mwalimu Obura. Siku ile nilipita mbele ya meza yake. Alinipungia mkono.

Nilikuwa sijakumbuka hilo. Sasa nalikumbuka kila saa.

Jumatano, 9 Septemba

Leo amekuja mume wa Nyar Kadem.

Sikumjua. Nilikuwa nafagia uwanja nikaona mtu mrefu amesimama kwenye lango, koti mkononi, viatu vina vumbi jekundu la mbali. Akauliza kama hapa ni kwa yule binti aliyesimama barazani. Anaitwa Owuor. Amechelewa kupewa ruhusa Kericho, amewakuta wamekwisha kuzika na kumaliza siku za msiba. Ameambiwa habari zangu barabara nzima, tangu aliposhuka kwenye basi. Amekuja kunishukuru.

Alileta majani ya chai yaliyofungwa kwenye gazeti. Alinipa kwa mikono miwili, mimi mtoto wa shule, akainamisha kichwa. Akasema mwanawe hakupata siku nyingi, lakini mtu alimtaja mbele ya serikali, na hilo ni jambo.

Mama alisimama mlangoni. Alinitazama tu.

Nilimwomba Owuor aketi. Akaketi kwenye kigoda. Mimi nilipiga magoti chini. Nikamwambia.

Nimemwambia baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa ghala. Mke wake aliniomba, nami nikamjibu Sabato, na jua lilikuwa juu. Sikumficha habari ya sketi. Nilimwambia pia niliyoyaandika, na kwamba nilipoyasoma barazani nilikuwa najua. Nilisema kwa Kiluo, na Kiluo changu kilikatika mara nyingi, kwa hiyo ilichukua muda mrefu.

Owuor alitazama chini muda wote. Nilipomaliza, kuku walikuwa wamefika kwenye miguu yake, wanadonoa karibu na viatu, naye hakuwafukuza.

"Yeye hakuniambia," alisema hatimaye.

Hayo tu. Akainuka. Akasahau koti lake kwenye kigoda, mama akamkimbilia nalo langoni. Chai aliiacha.

Alhamisi, 10 Septemba

Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyetuma neno.

Nilidhani nikishasema nitakuwa mwepesi. Si mwepesi. Ni kwamba sasa uzito una mahali pake, hauzunguki tena mwilini.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimepiga pasi nguo za shule. Jumatatu narudi Homa Bay. Sketi nimeikunja nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Mama anasema Jumapili wanawake wanakwenda kuwakandikia nyumba watu wa ghala. Nikamwuliza kama niende. Akasema miguu ni yangu.

Jumapili, 13 Septemba

Nilikwenda.

Nyumba ya Nyar Kadem ni ya pili kutoka ghalani. Nguzo zimesimama, fito zimefungwa, bado udongo. Wanawake walikuwa wameshaanza, wengine wakileta maji, wengine wakikanyaga udongo na nyasi. Walinipokea kwa kelele, Akinyi wetu, Akinyi wetu. Nyar Kadem alikuwa ndani, anakandika ukuta kwa upande wa ndani. Nilimwona kupitia fito. Aliniona. Aliendelea na kazi.

Hakuna aliyenionyesha mahali pa kufanya kazi, kwa hiyo nikashika ukuta huohuo, kwa nje. Yeye ndani, mimi nje. Kila nilipobandika donge lilikutana na la kwake katikati ya fito. Tulifanya hivyo kwa muda mrefu. Ukuta ulipanda mpaka nikawa sioni tena uso wake, nasikia tu kiganja kikipiga udongo.

Owuor alikuwa anakanyaga udongo karibu yangu, suruali ameikunja mpaka magotini. Hakuwa amenisalimu. Wanawake waliposhuka kuchota maji tukabaki sisi tu, yeye na mimi na yule aliye ndani.

Alisimamisha miguu.

"Nilipoondoka hapa mtoto hakuwa anasema," akaniambia, bila kunitazama. "Alikuwa analia tu. Wewe ulikuja hapa ukaandika mambo. Alikuwa ameanza kusema?"

Nikasema ndiyo. Alikuwa akisema sana.

"Anasema nini?"

Sikujua kama nina haki. Lakini alikuwa anangoja, na udongo ulikuwa unakauka mikononi mwangu. Nikamwambia kwamba siku ya kwanza mwanamke mmoja alipita na karai la samaki kichwani, na mtoto akamfuata mpaka kwenye jua, akamnyoshea kidole, akasema samaki, samaki, kwa Kiluo, rech, rech, mpaka yule mama akacheka akashusha karai amwonyeshe.

Kule ndani kiganja kilikuwa kimenyamaza.

"Lech," sauti ya Nyar Kadem ilisema.

Tuligeuka sote kuutazama ukuta.

"Hakuwa na r," alisema. "Kila kitu alisema kwa l. Lech. Na wewe, Owuor, nilimfundisha jina lako akawa anakuita Owuol."

Owuor alifunika uso kwa mkono uliojaa udongo. Alibaki hivyo, nasi tukabaki, mpaka akashusha mkono, udongo umemshika mpaka kwenye nyusi.

"Lech," akasema polepole, kama anayejifunza.

"Eee," akajibu mke wake.

Halafu akaniita. Hakusema mwanangu. Alisema Akinyi. Alisema udongo upande wangu ni mwepesi mno, niongeze nyasi, la sivyo mvua itauosha.

Nikaongeza nyasi. Wanawake walirudi na maji. Tuliumaliza ukuta ule kabla mawingu hayajafika.